Sauti Juu ya Picha: Rafu Mbili za Filamu Huko Ndabibi

Mhakiki aliyezoea kuitafuta matini katika kitabu hushangaa anapoambiwa kwamba filamu nayo ina matini, na kwamba matini hiyo, kama utenzi ulionakiliwa kwa mkono, huwa na nakala zisizolingana, wanakili walioongeza na waliopunguza, na wahariri wanaogombania neno la mwisho. Mwalimu mmoja mstaafu wa Ndabibi alilijua jambo hilo kabla hajalisoma popote, kwa sababu alilinunua. Alilinunua kidogo kidogo kwa zaidi ya miaka ishirini, katika visanduku vya karatasi ngumu vyenye herufi za rangi ya fedha, na leo nyumbani kwake pana rafu mbili za filamu za bunilizi ya kisayansi ambazo hazipatani.

Ndabibi ni uwanda ulio magharibi mwa Ziwa Naivasha, chini ya milima ya Eburru. Ni nchi ya ng'ombe, mahindi na vumbi. Upande wa kusini mashariki ndiko Olkaria, ambako mvuke wa ardhini ulianza kuzalisha umeme mwaka 1981. Kwa miaka mingi mwalimu aliutazama mvuke huo akiwa barazani, huku betri ya gari iliyoendesha televisheni yake ikiwa imepelekwa mjini kutiwa moto. Filamu ya Blade Runner hufunguka kwa minara inayotema ndimi za moto katika usiku wa Los Angeles ya Novemba 2019, mwaka ambao ulikuwa mbali sana filamu hiyo ilipotoka mwaka 1982, na ambao sasa umekwisha kupita. Aliyepita kando ya Olkaria usiku hahitaji kufafanuliwa kwa nini mtu wa Ndabibi aliiona picha hiyo akadhani ameelewa.

Rafu ya juu ni ya visanduku. Yafaa kueleza visanduku hivyo ni vitu gani, maana wengi huvidhania kuwa mapambo ya watu wenye fedha nyingi. Mwaka 1984 kampuni ya Criterion ya Marekani ilitoa filamu ya King Kong, ya mwaka 1933, katika sahani kubwa za leza. Sahani hizo zilikuwa na njia mbili za sauti. Ya kwanza ilibeba sauti ya filamu yenyewe; katika ya pili mtaalamu wa uhifadhi wa filamu, Ronald Haver, alizungumza juu ya picha tangu mwanzo hadi mwisho, akieleza jinsi sokwe yule alivyoundwa na kuendeshwa. Desturi ya maelezo ya kitaalamu juu ya filamu ilizaliwa hapo. Tangu wakati huo toleo la wakusanyaji limekuwa na sehemu zake za kawaida: picha iliyosafishwa, maandalio yaliyoachwa, kijitabu cha insha, na sauti ya mjuzi anayezungumza juu ya picha. Mwanafunzi wa fasihi atazitambua sehemu hizo mara moja. Ni utangulizi, tofauti za nakala, na maelezo ya mhariri chini ya ukurasa.

Sanduku ambalo mwalimu hulitoa kwanza mgeni anapouliza ni lile la Blade Runner la Desemba 2007. Lina umbo la mkoba, na ndani yake mna diski tano, kigari cha kuruka na sanamu ndogo ya farasi mwenye pembe moja. Diski hizo zina namna tano za filamu ileile. Katika zile zilizoonyeshwa mwaka 1982, sauti ya Harrison Ford husikika ikieleza mambo ambayo mtazamaji ameshayaona. Iliwekwa kwa sababu wenye mtaji walihofia kwamba watu hawataelewa. Nayo tamati ilipewa picha za milima zilizopigwa kutoka angani, mabaki ya filamu ya Stanley Kubrick, The Shining. Mwaka 1992 likatoka toleo lililoitwa la mwongozaji, sauti ile na milima ile vikaondolewa. Mwaka 2007 Ridley Scott akatoa toleo alilolitia jina la mwisho. Lakini sanduku lenyewe linalikanusha jina hilo: liliuzwa likiwa na yote matano, pamoja na nakala ya kazi ambayo haikukusudiwa kuonekana na umma. Ahadi ya sanduku ni neno la mwisho. Kilichomo ndani ni mjadala.

Metropolis ya Fritz Lang ina historia ya kusikitisha zaidi. Ilionyeshwa Berlin Januari 1927, na kabla ya mwaka huo kwisha ilikuwa imekatwa kiasi cha robo yake. Vipande hivyo vilidhaniwa vimepotea kabisa mpaka mwaka 2008, ilipotambuliwa huko Buenos Aires nakala nyembamba ya milimita 16 iliyochakaa sana. Katika toleo la 2010 vipande vilivyorudi vinajulikana kwa mikwaruzo yake: mvua ya mistari myeupe hunyesha juu ya nyuso za watu, kisha hukoma ghafla, kisha hunyesha tena. Mwalimu aliwahi kuwaeleza wanafunzi wake, walipokuwa wakisoma tenzi, kwa nini mhariri mwaminifu huacha pengo pale neno lilipoliwa na mchwa. Alipoiona mvua hiyo ya mistari hakuhitaji kijitabu.

Kuvinunua vitu hivi akiwa Ndabibi lilikuwa jambo lenye taabu zake, na taabu hizo si za nauli ya Naivasha na foleni ya posta peke yake. Ulimwengu wa DVD uligawanywa kanda sita na wenye mali. Marekani ni kanda ya kwanza, Uingereza ya pili. Kenya iliwekwa katika kanda ya tano pamoja na Urusi na Bara Hindi. Diski ya kanda moja hukataliwa na mashine ya kanda nyingine. Ilipokuja Blu-ray mipaka ilichorwa upya kwa herufi, na safari hii Kenya ikajikuta katika herufi B pamoja na Ulaya, huku Marekani ikiwa A. Kwa hiyo mpwa aliyeko Uingereza, ambaye diski zake zilikuwa hazichezi, akawa wa manufaa kwa siku moja. Na mwanafunzi wa zamani aliyeko Marekani, mwenye moyo wa kutoa kuliko wote, akaendelea kutuma zawadi ambazo mashine ilizitema. Watu waliokutana Berlin kugawana bara hili mwaka 1885 walitumia rula. Hawa hawakuhitaji hata ramani.

Kuna jambo dogo zaidi ambalo mwalimu huliona kuwa kubwa. Filamu hupigwa kwa picha 24 kila sekunde. Televisheni za mfumo wa PAL, uliotumika Kenya na Uingereza, huendesha picha 25. Basi 2001: A Space Odyssey, ambayo pamoja na muziki wa utangulizi na mapumziko ni ya dakika 149, humalizika kwa dakika 143 hivi, na sauti ya kompyuta HAL hupanda kidogo, kama ya mtu aliyeogopa. Mwalimu alinunua kwanza kaseti ya filamu hiyo, kisha DVD, kisha Blu-ray, ambayo huirudisha katika mwendo wake wa asili. Ni filamu moja mara tatu, na HAL aliyemzoea kwa miaka kumi na tano akageuka akawa mtu mwingine, mtulivu zaidi na wa kutisha zaidi.

"Baba Watoto," mkewe alimwuliza siku ya kifurushi cha tatu, "mtu hununua sinema moja mara ngapi?"

"Na wewe una Biblia ngapi?"

Alikuwa nazo tatu: ya Kigikuyu, ya Kiswahili ya Muungano, na Habari Njema.

"Lakini zangu huzisoma," akajibu mama, na hapo mwalimu hakuwa na neno. Bei ya kifurushi kile ingelinunua mbuzi.

Rafu ya chini haina visanduku. Ina diski tupu katika mifuko ya nailoni, zimeandikwa kwa kalamu ya wino mzito, nyingine zikiwa na majina yaliyokosewa. Zilinunuliwa katika kituo cha matatu mjini Naivasha, shilingi hamsini kila moja, na zilizo nyingi ni filamu zilizosimuliwa: sauti ya asili imepunguzwa na juu yake anazungumza mtu, kwa Kiswahili chenye Sheng, akieleza, akitania, akiwapa wahusika majina mapya. Nchini Kenya usimulizi huu umekuwa na jina la DJ Afro; Uganda unaye VJ Jingo na wenzake, wanaosimulia kwa Kiganda; Tanzania ilikuwa naye Lufufu, ambaye Matthias Krings ameandika juu yake. Kwa bahati mbaya, katika idara zetu za fasihi wasimulizi hawa wamezungumziwa zaidi na wageni kuliko na wenyeji.

Wala haifai kudhaniwa kwamba ni wazushi wa jana. Kati ya mwaka 1935 na 1937 jaribio la sinema ya elimu lililoongozwa na L. A. Notcutt huko Vugiri, katika milima ya Usambara, lilitengeneza filamu ambazo sauti yake iliwekwa katika sahani za santuri zilizo mbali na picha, ili filamu moja izungumze lugha mbalimbali kadiri ya mahali ilipoonyeshwa. Baadaye magari ya sinema ya serikali ya kikoloni yalitembea na mfasiri mwenye kipaza sauti. Wajapani, enzi za filamu zisizo na sauti, walikuwa na wasimulizi wao waliopendwa kuliko waigizaji. Sauti juu ya picha ni desturi ya zamani. Criterion iliiweka katika njia ya pili na kuitoza bei.

Katika rafu hiyo ya chini mna The Terminator ya James Cameron, ya mwaka 1984, iliyosimuliwa na mtu ambaye jina lake halikuandikwa. Pale mtu wa chuma anapotokea uchi usiku, msimulizi husema kwa utulivu: "Huyu ametumwa aje amuue mama kabla hajapata mimba." Ni sentensi moja. Wahusika wenyewe huhitaji sehemu kubwa ya filamu kulifafanua jambo hilo, na wahakiki wengi hawajaweza kulisema kwa ufupi huo. Msimulizi amelitoa fumbo lote mwanzoni, kama fanani wa ngano ambaye hadhira yake haisikilizi ili ijue mwisho bali ili ione mwisho huo utafikiwa vipi. Hata hivyo si vema kumsifu kupita kiasi. Msimulizi huyohuyo huongea wakati Sarah Connor amenyamaza, na unyamavu wa Sarah ndio njia ambayo filamu hutuonyesha mhudumu wa mkahawa akigeuka kuwa mtu wa vita. Kwake yeye steringi ni mwanamume, na kanuni ya vibanda vya video ni kwamba steringi hafi. Mwanamume huyo anapokufa, msimulizi hukosa la kusema kwa karibu dakika nzima. Dakika hiyo ni ya thamani. Kanuni ya utanzu imegongana na matini, na mgongano umenaswa katika diski ya shilingi hamsini.

Swali basi si kama inafaa kuzungumza juu ya picha. Sauti ya Ford ililaaniwa kwa kumdharau mtazamaji, ya Haver ikashangiliwa kwa kumheshimu, na ya msimulizi wa Naivasha haikuhesabiwa kabisa. Swali ni nani anayekubaliwa kuwa na la kusema.

Wakati fulani wa likizo mwalimu aliwaonyesha watu 2001 sebuleni kwake: wanafunzi wachache, majirani, na mzee mmoja mfugaji aliyekuwa amekuja kwa jambo lingine. Kwa dakika 25 za kwanza hivi hakuna mtu anayesema neno katika filamu hiyo. Ni nyani-watu wakiogopa, wakigombania maji, na hatimaye mmoja wao akiokota mfupa. Ukimya huo husifiwa na kila kijitabu. Sebuleni haukudumu. Watu walianza kusimulia wenyewe, kila mmoja lake, mpaka wanyama wanene wenye pua ndefu iliyoinama walipoonekana wakila pamoja na wale nyani-watu.

"Mwalimu, samahani," akasema yule mzee. "Hawa ni nguruwe wa wapi?"

"Ni wa hapa Afrika, Mzee. Ya zamani sana."

"Hapana. Huyu si wa hapa. Mimi nimechunga tangu utotoni, na baba yangu kabla yangu. Huyu si wa hapa."

Mzee alisema kweli. Mnyama yule ni tapiri, na makao ya tapiri ni Amerika ya Kati na ya Kusini na Asia ya Kusini Mashariki, Afrika hayuko. Nayo mandhari iliyo nyuma yake ni picha zilizopigwa Namibia na kumulikwa juu ya pazia kubwa huko Borehamwood, Uingereza, ambako waigizaji walivaa ngozi zao za nyani. Afrika ya alfajiri ya binadamu iliundwa studioni kwa jangwa la nchi moja na nguruwe wa bara jingine. Jambo hili lina uzito mahali kama Ndabibi. Nyuma ya milima ya Eburru, karibu na Ziwa Elementaita, ndiko Kariandusi, ambako Louis Leakey alichimbua mashoka ya mawe ya binadamu wa kale, mengine ya kioo cheusi cha volkano. Watu ambao filamu hiyo hujifanya kuwasimulia waliacha vyombo vyao mwendo wa saa chache tu kutoka sebule ile. Mwalimu alikuwa ameitazama filamu hiyo kwa miaka mingi, katika nakala tatu, bila kumwona tapiri. Usiku huo alilifungua daftari akaandika maneno ya mzee, na saa na dakika ya filamu alipoyatamka.

Mgogoro ulikuja baadaye, mwalimu alipozeeka na wanawe wakamshauri aziweke filamu hizo mahali pa kudumu. Aliiandikia maktaba ya chuo kimoja. Alikuja kijana mwenye adabu nyingi, akavikagua visanduku vya rafu ya juu kimoja kimoja na kuviorodhesha kwa furaha isiyofichika. Kisha akainama kuitazama rafu ya chini.

"Mwalimu, hizi za juu tutazipokea kwa mikono miwili. Hizi nyingine, samahani, hatutaweza. Hazina mwenyewe."

"Zina wenyewe wawili," mwalimu akamjibu. "Ndiyo shida yake."

Kijana hakukosea. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 haimruhusu mtu kunakili filamu ya mwingine na kuiuza kwa kuwa ameizungumzia, na maktaba ya umma haiwezi kujifanya haijui. Lakini upande wa pili nao una haki yake. Kila kilichomo katika rafu ya juu chaweza kununuliwa tena. Kimechapwa kwa maelfu na kimehifadhiwa katika ghala za nchi tajiri. Diski za rafu ya chini zilichomwa moja moja. Rangi inayobeba habari katika diski za namna hiyo hufifia kwa joto na mwanga, na waliozisimulia hawakuweka nakala. Maktaba iliyo tayari kuipokea sauti ya mtaalamu wa Marekani akizungumza juu ya King Kong, na isiyo tayari kuipokea sauti ya Mkenya akizungumza juu ya The Terminator, imeshafanya uhakiki wa fasihi, hata kama ilidhani inatii sheria tu. Idara inayofundisha kwamba kila utambaji wa ngano ni matini mpya itawezaje kuunga mkono uamuzi huo bila kutahayari?

Na kuna diski moja iliyoufanya uamuzi huo kuwa mgumu zaidi. Pumzi, filamu fupi ya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009, iliyoonyeshwa katika tamasha la Sundance mwaka 2010, ni bunilizi ya kisayansi ya Mkenya. Inahusu ulimwengu uliokauka baada ya vita vya maji, na mhusika wake mkuu, Asha, ni mtunzaji wa jumba la makumbusho ambaye hupokea udongo wenye unyevu na kuamua kupanda mbegu, kinyume cha amri ya wakubwa. Jamii anamoishi imeitwa Maitu, neno ambalo Mgikuyu humwita mamaye. Mwalimu aliipata kwa mwanafunzi wake wa zamani, katika diski tupu iliyoandikwa kwa kalamu. Haina sanduku, haina kijitabu, haina maelezo ya mjuzi katika njia ya pili. Haikusimuliwa juu yake na mtu yeyote, lakini kwa vile ilivyokuja imekaa rafu ya chini, pamoja na zile zisizo na mwenyewe. Kijana wa maktaba aliishika, akasoma jina, akairudisha mahali pake.

Mwalimu hakukubali rafu zitenganishwe. Visanduku havikuondoka. Bintiye alimwambia kwamba anapoteza yote kwa ajili ya takataka za kituo cha matatu. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, na siku iliyofuata akaanza kuiorodhesha rafu ya chini kwa utaratibu uleule ambao kijana aliutumia kwa ile ya juu. Husikiliza asubuhi, kabla upepo wa ziwani haujaanza. Huandika jina la filamu, mwaka, mwongozaji, urefu, lugha, na mahali diski iliponunuliwa. Kisha huandika msimulizi, na hapo mara nyingi huandika kwamba hajulikani, akaongeza anachoweza kukisikia: mtu wa makamo, lafudhi ya Murang'a, hukohoa, jogoo huwika nyuma yake dakika ya 41. Kwa filamu ya ishirini na tatu katika orodha hiyo ameandika kwamba sehemu ya mwisho haisomeki tena, na chini yake ameacha mistari kumi na miwili mitupu.